Jibu la Goreth

Kanisani kwetu Goreth tulimjua kwa sauti ya pili katika kwaya na kwa ukimya wake. Alifanya kazi kwenye ghala la viatu huko South End, hapa Louisville, zamu ya asubuhi, na aliishi na mama yake, Angelika, katika fleti za Highview, ghorofa ya pili, mkabala na duka la matairi. Kwamba alikuwa anacheza sataranji hatukujua. Tulikuja kujua mwaka 2016, alipoomba ruhusa ya kukosa mazoezi ya kwaya wiki moja ya mwezi wa nane ili aende Columbus. Alipoulizwa Columbus kuna nini, alijibu, "Kuna mashindano," na sisi tukadhani ni ya nyimbo.

Mchezo ule aliupata kambini. Babu zake ni Warundi waliokimbia mwaka 1972, na yeye alikulia katika kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu, Tanzania. Pale alikuwepo mwalimu wa hesabu aliyeitwa Zenoni, mtu mrefu mwenye kikohozi, ambaye alichonga kete kwa vipande vya kuni na kuchora ubao kwa mkaa juu ya dawati. Wanafunzi wengi walimjia kwa udadisi, wakachoka, wakaenda kucheza mpira. Wasichana wawili tu ndio waliobaki: Goreth na Joselyne.

Joselyne hakuwa ndugu yake wa damu. Mama yake Joselyne alikuwa jirani, na alipofariki, binti akiwa na miaka sita, Angelika alimshika mkono palepale makaburini, akamleta nyumbani, akamlaza kwenye mkeka mmoja na Goreth. Joselyne alikuwa mkubwa kwa mwaka mmoja. Walikula sahani moja. Sare ya shule walikuwa nayo moja: Joselyne aliivaa asubuhi, Goreth akaivaa mchana ikiwa bado ina joto la mwenzake. Baba yake Goreth alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake watatu, na mtu mgeni asingeweza kujua nani kazaliwa na nani.

Walipokua, Joselyne alimshinda Goreth mara nyingi zaidi. Siku moja Zenoni alisema mbele yao wote wawili, "Goreth ana subira. Joselyne ana jicho. Subira naweza kufundisha." Alisema bila ubaya, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Goreth alikuwa na miaka kumi na saba. Neno lile lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Wiki mbili baadaye walianza kuhojiwa kwa ajili ya kwenda Marekani. Angelika alikuwa amemwandika Joselyne kwenye fomu kama mwanawe. Asubuhi ya mahojiano aliwakalisha wote wawili, akawaambia, "Mkiulizwa, nyinyi ni wanangu. Na si uongo. Nani mwingine amewalea?"

Waliingia mmoja mmoja. Goreth alikuta mwanamke mwenye miwani nyuma ya meza, na mkalimani pembeni yake. Yule mwanamke alianza kwa kusema kwamba atakayedanganya ataharibu faili la familia nzima. Akauliza mambo mengi madogo: kisima kiko wapi, nani hupika. Kisha akauliza, "Joselyne na wewe mmezaliwa na mama mmoja?"

Goreth alisema, "Hapana. Ni mtoto wa jirani."

Mwanamke aliandika, akageuza karatasi, akaendelea na swali lingine. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Miezi ilipita, majina yakabandikwa ubaoni: Angelika na Goreth. Faili la Joselyne lilikuwa limetengwa kwa uchunguzi zaidi. Angelika alikwenda ofisini mara tano, mara ya tano akalala chini mlangoni mpaka walinzi wakamwinua. Waliambiwa waende, au nafasi yao ipotee. Siku ya safari Joselyne ndiye aliyembebea mama mfuko hadi kwenye basi.

Goreth hakumwambia mtu. Walipofika Louisville walipata habari za Joselyne kwa miaka michache, kwa simu za kuazima. Mwishoni mwa 2012 kambi ikafungwa, watu wakarudishwa Burundi, wengine wakatawanyika, na namba waliyokuwa nayo haikupatikana tena. Angelika aliendelea kumtaja katika maombi ya jioni. Kila alipotajwa, Goreth alisema "Amina" pamoja na mama yake.

Sataranji aliirudia polepole. Jumamosi alikwenda maktaba, akacheza na wazee wastaafu waliomkaribisha kwa adabu na kumsahihisha. Akaanza kuwashinda. Akacheza mashindano madogo, akapata alama, na alama zikamfikisha kwenye kundi la wanawake la mashindano ya kimataifa ya Columbus: wanawake arobaini na wawili, kutoka Kanada, Poland, India, Peru, na majimbo mengi ya hapa. Sandrine, Mkongomani aliyefanya naye kazi ghalani, alikuwa na gari na dada yake anakaa Clintonville, hukohuko Columbus. Alimwambia, "Bon, sawa, minakupeleka. Tutalala kwa dada. Mimi nitapumuzika, weye utacheza."

Michezo mitatu ya kwanza Goreth alishinda miwili na kutoa sare mmoja. Asubuhi ya siku ya tatu walikwenda kusoma orodha iliyobandikwa nje ya ukumbi wa hoteli. Mezani kwake, meza ya tisa, mpinzani aliandikwa: Byamungu, J., Buffalo.

"Ni Mkongomani mwenzako," Goreth alimwambia Sandrine.

"Basi umushinde kwa heshima," Sandrine alisema, akacheka.

Goreth alikaa, akapanga kalamu na karatasi yake. Mwanamke mjamzito akaja kutoka upande wa pili wa ukumbi, anatembea polepole, mkono umeegemea kiuno. Alikuwa amenenepa usoni, na alivaa kitenge cha njano. Aliposhika kiti ili akae, aliinua macho.

Joselyne alipiga kelele. Watu wa meza kumi waligeuka. Alizunguka meza, akamkumbatia Goreth, wakashikana mikono mpaka viwikoni kama wanavyosalimiana watu wa kwao, akamsukuma mbali amtazame, akamvuta tena.

"Goreth wangu! Goreth wa mkeka! Yesu, ni wewe?"

"Ni mimi," Goreth alisema. 

Walikuwa na dakika saba kabla ya saa ya mchezo kuwashwa. Joselyne aliongea haraka, na Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na cha Wakongomani. Kambi ilipofungwa alikimbilia kambi nyingine, ya Wakongomani, akaolewa na Byamungu, mwanaume mpole. Mtoto wao wa kwanza walimzika kule, surua ilimchukua. Walifika Buffalo miaka miwili iliyopita, na sasa alikuwa anafua mashuka ya hoteli. Alikuta kikundi cha sataranji kwenye kituo cha jamii, akawashinda wote. Alisema yote hayo huku akitabasamu, ameshika mkono wa Goreth juu ya ubao.

"Mama yupo," Goreth alisema, kwa kuwa ilibidi aseme kitu. "Yupo mzima."

Tabasamu likaondoka. Joselyne aliuachia mkono wake.

"Habari zake sitaki. Unisamehe, ni mama yako. Lakini yule mama wa ofisini aliniambia mwenyewe: mtu wa nyumba yenu amesema wewe si wao. Wa nyumba yetu! Tulikuwa watatu, Goreth. Si mimi niliyesema, na wewe ulikuwa dada yangu. Nani amebaki?" Alishusha sauti. "Nilimbebea mfuko wake siku ile nikijua. Nilitaka aone aibu. Hakuona."

Goreth alifungua mdomo. Mwamuzi, mzee mwenye tai, alisimama kati ya meza akaomba kimya, na kipaza sauti kikasema wenye kete nyeupe waanze.

Joselyne alikuwa na kete nyeupe. Alicheza kama alivyocheza kambini: farasi wawili mbele mapema, askari wa upande wa mfalme wakifuata bila woga. Goreth aliandika mwendo baada ya mwendo. Kwa saa nzima alicheza kwa mazoea tu, mikono ikijua kazi kuliko kichwa. Alijikuta anamwazia mama yake, amelala chini mlangoni pa ofisi ile, halafu akawaza mtoto wa surua, ambaye hata jina lake hakuliuliza.

Mazoea yake yalikuwa mazuri. Kufikia mwendo wa ishirini na saba Joselyne alikuwa amejinyoosha mno, na farasi wake mmoja hakuwa na pa kurudi. Goreth alimchukua. Sasa alikuwa mbele, na mtu yeyote aliyepita mezani angesema hivyo. Joselyne alipumua kwa nguvu, akashika tumbo, akatabasamu kidogo kama mtu anayemsifu mwenzake.

Tabasamu lile Goreth hakuliweza. Alinyoosha mkono, akamnong'oneza, "Sare?"

Joselyne alitikisa kichwa kukataa.

Ndipo Goreth alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake mezani. Aliisogeza ngome yake mahali ambapo malkia wa Joselyne angeichukua bure. Akabonyeza saa, akaangalia chini.

Dakika kumi zilipita. Joselyne hakugusa kitu. Goreth alipoinua macho alikuta anatazamwa yeye, si ubao.

"Unanihurumia?" Joselyne alisema kwa sauti ya chini. "Kwa sababu ya hili tumbo? Kwa sababu ya mtoto niliyemtaja?"

Mwamuzi alikuja, akaweka kidole mdomoni. Joselyne akamwomba radhi kwa Kiingereza. Kisha akashika mfalme wake, akamsogeza nyumba moja pembeni, mwendo usiokuwa na maana yoyote, na kubonyeza saa. Ngome aliiacha palepale, haikuguswa. Alikuwa amemrudishia zawadi yake.

Baada ya hapo Goreth alicheza kweli, kwa sababu aliona kutocheza kungekuwa tusi la pili. Ilichukua saa moja na nusu zaidi. Joselyne alijitetea vizuri, mara mbili Goreth alidhani mchezo umemponyoka. Mwishoni mfalme mweupe alikosa mahali, na Joselyne akamlaza mwenyewe kwa kidole kimoja, akanyoosha mkono.

"Zenoni angefurahi," alisema. "Subira imeshinda."

Wakatoka ukumbini. Kwenye korido kulikuwa na meza yenye birika kubwa za kahawa, na viti viwili karibu na dirisha. Joselyne alikaa kwa shida, akaondoa viatu. Goreth hakukaa.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Pale ofisini. Yule mama aliniuliza kama tumezaliwa na mama mmoja. Nikasema hapana. Nikasema wewe ni mtoto wa jirani. Mama hajui hadi leo. Mama alilala chini mlangoni kwao kwa ajili yako, Joselyne, walinzi wakamwinua. Ni mimi."

 Joselyne alianza kuvaa viatu. Kimoja kilikuwa kimebana, na Goreth akainama amsaidie.

"Usiniguse."

Goreth akasimama.

"Ulitishwa?" Joselyne aliuliza, bado anahangaika na kiatu. "Alikutisha yule mama?"

"Alisema atakayedanganya ataharibu faili."

"Kwa hiyo ni woga."

Hapo Goreth angeweza kusema ndiyo, na jambo lingeishia kwenye woga, maana woga watu wote wa kambini wanauelewa.  "Woga ulikuwepo," alisema. "Lakini Zenoni alikuwa amesema una jicho. Nilikuwa nimekasirika. Nimejiuliza miaka tisa ni kipi kilichosema. Sijui."

Kiatu kiliingia. Joselyne aliinuka kwa kushika ukingo wa dirisha. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Bon," alisema. "Mimi nilimlaani mama aliyenichukua makaburini. Miaka tisa. Nilimlaani hata siku ile ninamzika mtoto." Akaenda zake akipita katikati ya watu wenye vikombe, kitenge cha njano kikaonekana mpaka mwisho wa korido. Mchezo wa tano hakuja kucheza. Wala Goreth hakucheza.

Sandrine alimkuta garini, kwenye maegesho, amejifungia. "Kwa nini unalia? Ulishinda, si ivyo?" Goreth akamsimulia yote. Sandrine, mwanamke wa maneno mengi, alinyamaza kuanzia Columbus hadi wanaingia Louisville. Alipomshusha Highview ndipo alipomwambia, "Ile kintu ni kubwa, Goreth. Umuambie mama yako leo. Usingoje kesho."

Angelika alikuwa jikoni anachambua maharage. Goreth alisimama mlangoni na mfuko wake wa safari begani akamwambia. Alianza na habari njema, kwamba Joselyne yu hai, yuko Buffalo, ana mume, ni mjamzito. Angelika aliruka, akapiga vigelegele, maharage yakamwagika sakafuni. Ilibidi Goreth amngoje amalize kumshukuru Mungu ndipo amweleze yaliyobaki.

Mama yake alikaa. Akaanza kuyaokota maharage, moja moja.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Kwenye fomu nilikosea mwaka wake wa kuzaliwa. Niliandika mwaka uleule wa kwako, kama mapacha. Nikasema kosa langu ndilo lililomwacha. Kila jioni nimeomba msamaha kwa kosa hilo, na wewe umekaa hapa pembeni yangu unaitikia amina."

"Nisamehe, mama."

"Sijui," Angelika alisema. "Leo sijui. Nitafutie namba yake."

Namba waliipata kupitia kikundi cha sataranji cha Buffalo. Angelika alipiga akiwa chumbani, mlango umefungwa, na Goreth akasikia kilio cha mama yake na, kwa mbali, kilio kingine ndani ya simu. Hakuambiwa kilichosemwa.

Mwezi wa kumi na moja walikwenda wote wawili kwa basi. Angelika alibeba ndagala, wale dagaa wakavu wa kwao, mafuta ya mawese na kanga mbili mpya. Buffalo theluji ilikuwa imeshaanza. Joselyne alifungua mlango wa chini kabla hawajagonga, tumbo likiwa kubwa sana, na alipomwona Angelika alijaribu kupiga magoti akashindwa. Angelika ndiye aliyepiga magoti. Alimshika kiuno, akaweka shavu kwenye tumbo lake, na wakakaa hivyo mlangoni, baridi inaingia ndani ya nyumba ya watu.

Byamungu, mume wake, alimpokea Goreth mfuko. Walikula ugali na ndagala. Joselyne aliwahudumia wote sawa. Goreth alipewa kipande kizuri, akawekewa maji ya kunawa kwanza. Ndivyo anavyohudumiwa mgeni. Hakuitwa dada hata mara moja. Joselyne alisema, "Mgeni aongezewe mboga," na Goreth akasema asante. Usiku mama alilala chumba kimoja na Joselyne. Goreth alitandikiwa sebuleni, shuka safi, mito miwili.

Asubuhi ilikuwa imeamuliwa: Angelika angebaki mpaka mtoto azaliwe na apate nguvu. Goreth alikuwa na zamu Jumatatu. Joselyne alimuaga pale ndani, kwa mkono mmoja, akasema, "Safari njema. Usalimie Louisville." Ni Byamungu aliyempeleka kituoni, akamngojea basi ingawa alikuwa anachelewa kazini.

"Umuache kwanza," alimwambia. "Usimupigie simu. Siku roho yake itapoa, yeye mwenyewe atakuita. Mimi minamujua."

"Na isipopoa?"

Byamungu alitazama barabara iliyokuwa inasafishwa theluji. "Basi mama yako angalau amemupata," alisema.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na mbili, wa kike. Angelika aliongeza wiki mbili, kisha mwezi, na sasa ni karibu Pasaka. Goreth yuko peke yake kwenye fleti ya Highview. Kwaya hajaacha. Maktaba hajarudi, ingawa wazee wale wameulizia mara mbili. Jumapili baada ya ibada mama humpigia, nasi tulio karibu naye kwenye maegesho tunamwona anasogea pembeni na kuweka kidole kwenye sikio la pili ili asikie vizuri. Jumapili iliyopita alinisimulia kilichokuwa nyuma ya sauti ya mama yake: mtoto analia, sufuria zinagongana, na Joselyne anauliza, "Mama, chumvi umeiweka wapi?" Angelika akamjibu, "Juu ya kabati, mwanangu," kisha akarudi kwenye simu, akamuuliza Goreth kama Louisville mvua imenyesha.